Utepe wa Nyumba za Stara

Sogeeni karibu, na aliye jirani na dirisha alifunge. Ilikuwepo nchi moja mbali kabisa na hapa, wala msitazamane, ambayo watu wake walikuwa na imani moja kubwa: kitu hakipo mpaka kizinduliwe.

Si kwamba walikuwa wajinga. Macho walikuwa nayo, na daraja walikuwa wanaliona. Lakini daraja ambalo halijakatiwa utepe kwao lilikuwa picha tu ya daraja. Watu walivua viatu, wakapandisha nguo, wakauvuka mto kwa kuogelea chini ya daraja, na wakifika katikati waliinua macho wakasema, "Jamani, serikali imefanya kazi." Hospitali kubwa ilikuwa na wodi mpya ya wazazi, vitanda bado vimevaa nailoni, na akina mama walikuwa wakijifungulia koridoni huku wakiichungulia kupitia kioo. Manesi waliwafariji kwa upole: "Kaza moyo, mama. Mjukuu wako atazaliwa humo."

Utepe wenyewe ulilindwa kuliko benki. Aliyeugusa alilala ndani. Aliyeukata bila kuwa mgeni rasmi hakuonekana tena, na hata mama yake akiulizwa alisema hakumbuki kuzaa.

Sasa, katika mji mmoja wa nchi hiyo alikuwepo msusi anaitwa Mwanahawa, fundi wa mitindo ya twende kilioni na mabutu, mwenye vidole vyepesi na mdomo mzito. Na Mwanahawa alikuwa na mume, Ngwali, ambaye mikono yake ilikuwa kinyume chake: mizito, halafu mdomo mtamu.

*

Zamani sheria ya nchi hiyo ilikuwa rahisi. Mwanamke akipigwa na mumewe alikuwa na haki ya kufika kituoni, kupewa kiti, kupewa pole, na kurudishwa kwa mumewe kwa gari la polisi likipiga king'ora, ili mume asishtukizwe. Wataalamu wakakaa, wakaona sheria hii imepitwa na wakati, maana magari hayakuwa na mafuta. Ikaundwa tume. Tume ikasafiri nchi za baridi kwenda kutazama wanawake wa huko wanakimbiaje. Ikarudi na makoti mazuri na sheria mpya: mwanamke aliyepigwa apewe nyumba ya serikali ya kodi nafuu, mbali na aliyempiga.

Nyumba zilikuwepo tayari. Zilijengwa kwa ajili ya watu wa mafuriko, ila zilipokamilika maji yalikuwa yameshakauka na watu wa mafuriko wameshazoea kukaa walikokaa. Zikapakwa rangi ya waridi, zikaitwa Nyumba za Stara.

Sheria ikazinduliwa uwanja wa mpira kwa ngoma, keki na mwamvuli wa Waziri wa Utulivu wa Majumbani. Ngwali alikaa mbele kabisa, kwa sababu alikuwa katibu wa Kamati ya Amani ya mtaa wao. Kila mjumbe alipewa fulana imeandikwa kifuani NGUMI SI LUGHA. Akarudi nayo nyumbani, akataka ipigwe pasi saa hiyo hiyo. Umeme ulikuwa umekatika. Basi akampiga Mwanahawa akiwa ameivaa hivyo hivyo na mikunjo yake.

Haikuwa mara ya kwanza. Sikio la kushoto la Mwanahawa lilikuwa linavuma tangu kofi la mwaka juzi, kama redio isiyoshika stesheni, na wateja waliokuwa na umbea mzuri walijua wauelekeze kulia. Lakini mara hii, alipokuwa amekaa sakafuni anatazama yale maandishi yakipanda na kushuka kifuani kwa mumewe, kitu ndani yake kikatulia. Asubuhi akakusanya vitana vyake na rasta, akafunga kwenye kanga, akatoka.

Hakutaka makubwa. Alitaka mlango ambao Ngwali hawezi kuuingia.

*

Kituoni alimkuta Sajini Mabruki, mtu mnene mpole, anakula mahindi ya kuchoma.

"Karibu, mama. Hilo jicho kakupiga nani?"

"Mume wangu."

"Aa, umepigwa na mtu unayemjua. Hiyo ni nafuu. Wenzako wanakuja hapa hata jina la aliyewapiga hawana."

"Afande, si kuna sheria mpya?"

"Ipo. Siku ya uzinduzi nilikuwa zamu. Nililinda keki."

"Inasema nipewe nyumba."

"Inasema vizuri sana," Sajini akakubali, akichokoa punje kwenye jino. "Tatizo ni kwamba sheria imezinduliwa, nyumba bado. Nikikupeleka kwenye nyumba isiyozinduliwa, kiserikali nitakuwa nimekuacha barabarani. Utanisamehe kweli?"

Akamwelekeza kwa Afisa Nyumba, Bwana Chamwela.

Huyu alikuwa kijana wa tai nyembamba, msomi, ambaye aliisoma sheria ile mpaka akaipenda. Alimkaribisha Mwanahawa kwa mikono miwili, akamvutia kiti, halafu akachungulia nyuma yake mlangoni.

"Na mkuu wa kaya yuko wapi?"

"Ndiye ninayemkimbia, baba."

"Naelewa, dada yangu, na pole. Lakini nyumba ya serikali ni ya kaya. Kaya ina mkuu. Na mkuu ana haki ya kuingia kwenye kaya yake muda wowote, bila hata hodi."

"Kwa hiyo nikimkimbia, sheria inamruhusu anifuate mpaka ndani."

"Hapana, hapana. Kukufuata ni kosa kubwa. Anaruhusiwa kuwasili."

Mwanahawa akamgeuzia sikio zima, akidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia.

"Ila hayo yote ni baada ya uzinduzi," Chamwela akaendelea kwa furaha ya mwalimu. "Kabla ya uzinduzi nyumba haipo. Na ndani ya nyumba isiyokuwepo hakuna kaya, hakuna mkuu." Kisha akaliangalia lile jicho kwa makini, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Samahani kuuliza. Huo uvimbe utakaa mpaka Jumamosi?"

"Kwa nini?"

"Jumamosi Mheshimiwa Waziri anakuja kukata utepe. Tunahitaji mnufaika. Waliopo wote wamepona, hawafai kwa televisheni."

Ndivyo Mwanahawa alivyopata nyumba. Yeye na wanawake wenzake walitakiwa wahamie mapema, kwa kuwa kamera hazipendi nyumba tupu. Wapike, waanike nguo, wazipe nyumba sura ya kukaliwa.

*

Mzabuni wa sherehe alikuwa ameleta utepe mwingi kuliko saruji. Ulizungushwa nyumba zote za waridi, mbele na nyuma, ukapita madirishani, ukafunga kila mlango wa mbele kwa fundo kubwa mfano wa ua. Ukisimama mbali ungedhani kuna mtu kajiandalia zawadi ya harusi halafu akakimbia. Upande wa uani uliachwa mwanya mmoja, na kwenye mwanya aliwekwa mlinzi mwenye bunduki: Sajini Mabruki yule yule.

Lakini, jamani, hakuwa yule yule. Mgongo ulikuwa umenyooka, mahindi hayapo, macho makali.

"Simama. Nani?"

"Mimi, afande. Si unanijua, nilikuja kituoni."

"Hapa hapiti mwananchi."

"Nimetumwa na Bwana Chamwela. Mimi ndiye mnufaika."

Sajini akafikiri, uso ukalainika. "Basi wewe sasa si mwananchi. Wewe ni maandalizi. Maandalizi yanapita."

Ndani, nyumba ya jirani, alimkuta Bi Mashavu, mama wa makamo, mcheshi, aliyetoroka mume mwalimu mstaafu ambaye alikosa wanafunzi wa kuchapa. Wakapikiana chai. Wakaanika nguo. Mwanahawa akamsuka Bi Mashavu pale uani, na wale wengine wakapanga foleni. Ulikuwa utulivu mgeni kwao, kiasi kwamba bakuli likidondoka wote walinyamaza kwanza, halafu wakakumbuka walipo, wakacheka.

Ijumaa akaja Ngwali. Alivaa ile fulana, sasa imepigwa pasi.

"Afande, salamu," akasema kwa ule mdomo wake wa asali. "Nimekuja kumchukua mke wangu. Ni mambo ya ndani tu, yameshaisha."

Wanawake uani wakaacha kila kitu. Kila mmoja wao alikuwa ameshawahi kumsikia mwanamume akiyasema maneno hayo kwa askari, na kila mmoja alijua askari hujibu nini.

"Mimi mambo ya ndani huwa siyaingilii," Sajini Mabruki akasema. "Pita zako, bwana, mkazungumze."

Ngwali akatabasamu, akainua mkono asogeze utepe ili apite.

Bunduki ikalia kachaa, tayari, mdomo wake kifuani, juu ya NGUMI SI LUGHA.

"Mkono," Sajini akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Afande, umeniruhusu mwenyewe."

"Nimekuruhusu kwa mkeo. Sijakuruhusu kwa utepe. Shusha mkono taratibu."

"Mimi ni mume wake."

"Mume hayumo kwenye maandalizi."

Ngwali akashusha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza Mwanahawa kuuona mkono ule ukishuka bila kupita kwa mtu. Akajishika kwenye kamba ya nguo.

Mumewe hakugomba. Aliutazama utepe kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza kwa adabu, "Unakatwa lini huu?"

"Kesho saa nne."

"Basi kesho saa nne na dakika moja." Akamtazama mkewe juu ya utepe, anatabasamu. "Mke wangu, andaa maji ya kuoga. Nahamia."

*

Msidhani usiku ule walikaa kulia. Walikaa kusuka, maana Jumamosi kuna televisheni, na Chamwela alikuwa ametaka wanufaika wapendeze lakini wasipendeze sana.

"Mwenzangu, tukimbie leo," Bi Mashavu akasema, kichwa kimeinamia magotini kwa Mwanahawa. "Waziri akishakata tu, yule wa kwako anaingia, na wa kwangu yuko nyuma yake na kiboko."

"Tukimbilie wapi?"

"Basi tuuibe mkasi."

"Wataleta mwingine. Mikasi ndiyo kitu pekee hakijawahi kukosekana nchi hii."

"Aa, we naye. Si useme basi."

 Vidole vya Mwanahawa vilikuwa vinakwenda, akili ilikuwa hospitali. Alikuwa anaikumbuka ile wodi ya wazazi. Mkuu wa wilaya alifika kuikatia utepe, akaambiwa mkuu wa mkoa angependa kuikatia yeye. Mkuu wa mkoa alipofika, akasikia waziri ameulizia. Na waziri alipokuwa njiani, mtu mmoja tu, tena mpishi wa hospitali, akasema kwamba wodi nzuri hivi labda Mtukufu Rais ataitaka mwenyewe. Hapo kila mkasi ukarudi mfukoni, na watoto waliozaliwa koridoni mwaka ule sasa walikuwa wanasoma shule.

"Bi Mashavu," akasema, "inua kichwa kidogo. Hivi hizi nyumba zetu, unaonaje, si nzuri sana?"

"Bati linavuja."

"Nzuri sana," Mwanahawa akarudia polepole. "Zimemzidi waziri."

*

Saa nne ikafika, na Mheshimiwa Waziri akawasili saa saba. Ngoma zikapigwa, viti vyenye vitambaa vikajaa watu wenye vitambi. Ngwali alikuwa ameshafika, begi la nguo begani, taulo shingoni, kasimama jirani kabisa na mlango wa mbele wa nyumba ya mkewe. Nyuma yake kulikuwa na mzee mmoja mwenye kiboko, na nyuma ya mzee waume wengine kadhaa, kwenye mstari mnyoofu, maana Kamati ya Amani iliwapanga.

Waziri akahutubia.

"Ndugu wananchi. Serikali hii haitavumilia, narudia, haitavumilia kabisa mwanamke kupigwa bila kuwa na mahali pa kukaa. Wapo wanaobeza. Wanauliza, mbona wanawake bado wanapigwa? Nawajibu: hizi nyumba tungempa nani?"

Makofi.

"Tumejenga kuta imara. Sasa hata akipigwa humu ndani, majirani hawatasumbuliwa na kelele. Hiyo ndiyo stara."

Makofi zaidi. Bwana Chamwela alifuta chozi, kwa kuwa sentensi ile aliiandika yeye.

Ukaletwa mkasi wa rangi ya dhahabu juu ya mto wa hariri. Waziri akaushika, akausogeza kwenye fundo la mlango wa Mwanahawa. Ngwali akaweka begi vizuri begani.

"Kabla ya kukata," mshereheshaji akatangaza, "mnufaika atatoa neno la shukrani."

Mwanahawa akasogea mbele. Neno lenyewe Chamwela alimfundisha tangu juzi: asante serikali, tumefurahi, hatuna la kuongeza. Akashika maiki. Akaona ule mkono mzito wa mumewe umeshika mkanda wa begi, na ndani ya sikio la kushoto ile redio ikavuma kwa nguvu.

"Mheshimiwa Waziri," akaanza, "sisi wanawake tumeziangalia hizi nyumba tumeogopa."

Chamwela akampungia mkono aishie hapo.

"Tumeogopa kwa sababu ni nzuri kupita kiasi. Kuta zake, rangi yake. Tukakaa uani tukaulizana: kazi kubwa namna hii, ya kwanza tangu nchi iumbwe, hivi Mtukufu Rais ameshaambiwa kwamba inazinduliwa leo bila yeye?"

Ngoma zikanyamaza. Mpiga picha wa televisheni akazima taa bila kuambiwa.

"Wengine wakasema, labda Mtukufu angependa kuukata utepe mwenyewe. Mimi nikawaambia, nyamazeni, Mheshimiwa Waziri anajua zaidi. Kama ameona auwahi yeye, basi ana sababu zake." Akainama kwa heshima. "Mheshimiwa, endelea kukata."

Mkasi ulikuwa umeshafungua mdomo, utepe umo katikati ya meno yake.  Kwenye viti vya wakubwa kila mtu aliangalia pembeni, akijitahidi kukumbuka kama siku ile alikuwepo pale.

Mheshimiwa Waziri akautoa mkasi kwenye utepe taratibu, kama mtu anayetoa mkono mdomoni kwa mbwa aliyelala.

"Nilikuwa naangalia makali yake tu," akasema.

Makofi yakalipuka. Aliyetangulia kupiga ni mkuu wa usalama, na wengine wakafuata wakiogopa kuwa wa pili.

"Mama huyu," Waziri akapaza sauti, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, "ametusemea yaliyomo mioyoni. Natangaza rasmi kwamba nyumba hizi zimehifadhiwa kwa mkono wa Mtukufu Rais na mkono huo peke yake. Sajini, atakayeusogelea utepe huu, mwenye cheo au asiye na cheo, unajua la kufanya."

"Najua, mheshimiwa," akajibu Sajini Mabruki, na kweli alionekana anajua.

Misafara ikaondoka kwa kasi kuliko ilivyokuja. Chamwela alibaki ameshika mto wa hariri mtupu. Ngwali naye alibaki, taulo shingoni.

"Afande," akauliza, ule utamu wa mdomo umepungua, "sasa Mtukufu atakuja lini?"

Sajini akamgeukia mwili mzima. "Unaulizia ratiba ya Mtukufu?"

"Hapana, mimi nauliza tu…"

"Unataka kujua siku na saa Mtukufu atakapokuwa amesimama mahali hapa. Wewe, mwenye begi. Mna nini humo?"

"Nguo, afande. Nguo tu."

"Weka chini."

Ngwali akaweka. Yule mzee wa kiboko akakiangusha kiboko kama kimemuunguza, na ule mstari mnyoofu wa waume ukayeyuka. Ngwali alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, mikono yote miwili juu, na bado alikuwa ameiinua hivyo alipokata kona. Ile fulana yake ilisomeka vizuri sana.

Uani hakuna aliyepiga vigelegele. Bi Mashavu alikaa chini tu, akasema, "Nitengenezee chai, nina kiu ya miaka yote." Mwanahawa akaingia ndani, akafunga mlango wa uani, akaufungua, akaufunga tena. Halafu akauegemea.

*

Mtukufu hakuja. Ana mambo mengi, wasioelewa waache kulaumu. Serikali ikaeleza kwenye mikutano ya nje kwamba nyumba za wanawake waliopigwa zimejaa zote, na hakuna hata mume mmoja aliyewasili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nchi yoyote iliyofuata sheria. Wajumbe wa nchi za baridi wakaja kutazama wanawake wa huku wanakimbiaje. Walipouliza siri ni nini, walioneshwa sheria.

Jua likaupausha utepe, serikali ikaleta mwingine mpya bila kuchelewa. Bati liliendelea kuvuja. Wanawake waliendelea kuja, na Sajini Mabruki aliwaandikisha wote kuwa maandalizi: wa viti, wa maua, wa vipaza sauti. Mmoja alikuja na watoto wanne mapacha kwa mapacha, akaandikishwa kuwa kwaya.

Saluni ya Mwanahawa ikahamia pale pale uani. Wake wa wakubwa walikuwa wanakuja kusuka kwake, wanapitia mwanyani wakiwa wameandikishwa kuwa maandalizi ya vitana na vioo.

Alasiri moja akaja dada kijana mwenye mtandio umeshushwa mpaka puani na miwani mikubwa ya jua. Alikaa kwenye mkeka. Mwanahawa alipotaka kuufungua mtandio amsuke, yule dada akaushika.

"Sikuja kusuka, da Mwanahawa."

"Haya, shoga. Umejia nini?"

"Mimi ni mke wa Bwana Chamwela."

Bi Mashavu, aliyekuwa anachambua mchele, akaacha kuchambua.

"Siwezi kuhamia huku," yule dada akasema, akiangalia mikono yake. "Nyumba ni ya kwangu, kaniachia marehemu mama. Sitaki kuikimbia. Nilikuwa naulizia tu, kama kuna utepe uliobaki."

Mwanahawa hakumuuliza miwani ilikuwa ya nini. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na bunda zima la utepe mpya, akaliweka mkekani na kuanza kupima kwa mkono, kutoka bega mpaka ncha ya kidole.

"Mlango wako una upana gani?"

"Wa mbele au wa uani?"

"Yote," Mwanahawa akasema. "Na madirisha."